Mbio za Baa na Neno «Mwenyeji»

Wanafunzi wangu wa Kampala hupenda kuniuliza Kiswahili humwitaje mtu anayeishi nchi ya watu kwa mkataba wa kazi, mwenye mshahara mnono na tiketi ya ndege ya kurudi kwao. Neno «mgeni» haliwaridhishi, kwa kuwa mgeni huja na kuondoka. «Mhamiaji», wanasema, ni yule anayehangaikia riziki. «Mlowezi» hukumbusha mashamba ya Kenya na Rhodesia. «Mtaalamu wa kigeni» lina harufu ya barua ya wizara. Badala ya kuwapa jibu la haraka, huwasimulia Jumamosi moja ya mwezi Juni mwaka 2014 katika mji wa Shanghai, nilikokuwa kwa masomo ya lugha, jioni nilipoingizwa katika mbio za baa.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Timu ilikuwa ya watu wanne, na baa zilikuwa saba. Kila timu ilipewa kadi ngumu yenye miraba saba, na mraba ulipigwa mhuri baada ya mtu mmoja kumaliza glasi ndogo ya bia na mwenzake kutimiza kazi aliyopangiwa: kuomba hesabu kwa Kichina bila kunyoosha kidole, kuimba ubeti wa wimbo wa taifa lisilo lake, kutaja majimbo matano ya China kwa pumzi moja. Teksi zilikatazwa. Magari binafsi hayakutajwa hata katika kanuni, maana tangu tarehe 1 Mei 2011 kuendesha gari ukiwa umelewa nchini China ni kosa la jinai, na hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kupoteza viza kwa ajili ya kikombe cha plastiki, ambacho ndicho kilichokuwa tuzo ya mshindi.

Mchezo huu una ukoo wake. Mwaka 1938, Kuala Lumpur, Waingereza waliokuwa wakifanya kazi Malaya walianzisha kikundi cha kukimbia vichakani kwa kufuata vipande vya karatasi, na mwisho wa njia palikuwa na bia. Walijiita Hash House Harriers, jina lililotokana na utani juu ya mahali walipokuwa wakila. Leo vikundi vya jina hilo vimeenea duniani; Shanghai vipo, na hata hapa Kampala kipo kimoja ambacho hukimbia kila wiki. Mtu aliyetumwa mbali na kwao hutafuta watu wa kucheka nao, na kukimbia pamoja huvunja haya haraka kuliko kuketi mezani. Simlaumu mtu kwa upweke. Nami nilikuwa mpweke, ndiyo sababu nilikubali kwenda, ijapokuwa sinywi pombe.

Timu yangu ilikuwa na mhandisi wa Kijerumani, mwalimu wa dansi kutoka Brazili, na Mkenya wa kampuni ya kusafirisha makasha aliyeanza maisha yake ya China huko Guangzhou. Kwa kuwa sikunywa, nilikabidhiwa kadi.

«Mwalimu,» Mkenya aliniambia, «wewe ndiwe benki yetu. Sisi tukisahau majina yetu, wewe utaikumbuka mihuri.»

Tulivaa majoho ya kuogea, kwa kuwa kila timu ilitakiwa ivae vazi la kuchekesha. Timu moja ilivaa vilemba vya majogoo. Tulipokuwa tukikatiza mitaa tulimpita mzee mmoja aliyevaa pajama, ameshika mfuko wa mboga, naye akatutazama kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuona mengi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kabla ya maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 2010, wakuu wa Shanghai waliendesha kampeni ya kuwataka wakazi waache kutembea barabarani na pajama, wasije wakauaibisha mji mbele ya wageni. Desturi ile ilikuwa na asili yake. Katika nyumba za vichochoro vya Shanghai familia kadhaa ziligawana jiko moja na uchochoro mmoja, hata uchochoro ukawa kama sebule, na mtu hubadili nguo kwa ajili ya sebule yake? Mzee aliambiwa asitoke na pajama kwa heshima ya wageni, na wageni tukampita tumevaa majoho ya kuogea.

Baa ya tano ilikuwa Yongkang Lu. Ni mtaa mfupi na mwembamba katika eneo lililokuwa la Wafaransa, na kabla ya baa palikuwa na soko la vyakula. Katika miaka michache baa zilijipanga pande zote mbili, mlango kwa mlango, na kwa sababu vyumba vilikuwa vidogo, wateja walisimama nje hadi barabara ikajaa. Juu ya baa walikaa watu. Ghorofa ya chini muziki, ghorofa ya pili kitanda cha mzee; baina yao ubao wa sakafu tu. Nguo zilizofuliwa zilining'inia kwenye fito juu ya vichwa vya wanywaji.

Ilipofika saa nne za usiku (nanyi wanafunzi msiisome saa hii kwa simu zenu, ni ile ambayo simu huiandika 22:00), wahudumu walianza kuwaomba wateja waingie ndani. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Sheria ya China ya mwaka 1996 kuhusu uchafuzi wa kelele iliutaja usiku kuwa ni kati ya saa nne za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi. Lakini watu mia kadhaa hawaingii katika vyumba ambavyo haviwatoshi watu hamsini. Timu ya majogoo ilikuwa imefika kwenye kazi ya wimbo wa taifa. Dirisha la juu likafunguliwa, na ndoo ya maji ikamwagwa.

Maji hayo hayakuwa ya mtu mmoja mwenye hasira za siku moja. Wakazi wa Yongkang Lu walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu, na ndoo zao zilijulikana mjini kote. Watu walipiga kelele, kisha wakacheka, kisha wakapiga picha. Joho langu lililowa bega lote. Kadi nayo ililowa, na wino wa mihuri mitatu ukatiririka.

«Hawa watu wanapaswa kushukuru,» Mjerumani alisema huku akijifuta. «Mtaa ulikuwa maskini. Sisi ndio tunaoleta fedha.»

Mkenya akamjibu polepole, «Fedha anapata mwenye nyumba, naye halali hapa. Bibi huyu anapata kelele tu.»

Sijasikia hoja bora zaidi juu ya jambo lile, ingawa tangu hapo nimesoma makala nyingi.

Hapa ndipo neno la Kiswahili linaponisaidia. «Mwenyeji» lina maana mbili zinazoishi chumba kimoja: ni mkazi wa asili wa mahali, na ni yule anayempokea mgeni. Lugha imechukulia kuwa mtu wa mahali ndiye mwenye mlango, ndiye wa kusema karibu, na kwa hiyo ndiye mwenye haki ya kutosema. Tazameni namna lilivyojengwa juu ya -enye, mzizi wa kumiliki. Jioni ile waandalizi wa mbio walikuwa wenyeji wema sana: walitukaribisha, walitujali, walituita kwa majina. Baadhi yao walikuwa wamekaa Shanghai miaka kumi na waliujua mji kuliko madereva wake. Lakini walikuwa wakikaribisha watu katika uwanja wa mtu mwingine, na wenyeji wa kweli walikuwa ghorofani, hawakuulizwa.

Mtaa ule una kumbukumbu ya jambo hilo. Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842 uliifungua Shanghai kwa biashara ya Waingereza, na mikataba iliyofuata iliwapa wageni haki ya kuhukumiwa na makonseli wa nchi zao, si na mahakimu wa China. Mwaka 1849 Wafaransa walipata eneo lao, wakalishika hadi 1943. Yongkang Lu wakati huo iliitwa Route Rémi. Bustani ya ukingoni mwa mto Huangpu, ambayo leo kila mtu hupiga picha ndani yake, haikufunguliwa kwa Wachina hadi mwaka 1928. Mgeni wa siku hizi hana kinga hizo. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24, na sote wanne tulikuwa tumefanya hivyo. Kwa karatasi tulikuwa wageni watiifu kabisa. Ndoo ilihusu kitu kisichoandikwa katika fomu ya polisi.

Wala wageni wote hawapimwi kwa kibaba kimoja. Mkenya wetu alinieleza kwamba Guangzhou, katika mtaa wa Xiaobei ambako Kiswahili husikika miongoni mwa wanunuzi wa bidhaa, hakuna aliyewahi kumwita kwa jina la heshima wanaloitwa wahandisi wa Ulaya. Mwezi Aprili 2020, hofu ya korona ilipopanda, Waafrika wa mji huo walitolewa katika nyumba walizopanga na hoteli, hata mabalozi wa Afrika wakapeleka malalamiko yao Beijing. Wao hawakuwa wamemwimbia mtu wimbo wa taifa chini ya dirisha lake.

Tulimaliza wa nne kati ya timu tisa. Mwamuzi aliikubali mihuri iliyotiririka baada ya Mbrazili kumwelezea kila baa kwa ishara za mikono na mguu mmoja. Kikombe kilichukuliwa na majogoo.

Baa za Yongkang Lu zilifungwa na serikali ya mtaa mwaka 2016, mwezi Agosti. Rafiki zangu waliobaki waliandika maombolezo kana kwamba amekufa mtu. Sasa mtaa unajulikana kwa kahawa. Mwishoni mwa mwaka 2020 ulifunguliwa hapo mgahawa usio na meza wala mlango wa wateja: ni ukuta wa saruji wenye tundu, unaagiza kwa simu, kisha mkono uliovikwa manyoya ya dubu unatokeza tunduni na kukukabidhi kikombe. Watengenezaji wa kahawa walioajiriwa pale ni viziwi. Wateja hupanga foleni ndefu mchana, na ghorofani nguo bado zinaanikwa juu ya vichwa vyao.