Kipimo Kilichopunguka

Kipimo ni msaada kwa mtafuta elimu, lakini kipimo kilichopunguka humdanganya mwenye kukitumia, naye asitambue. Jambo hili ladhihirika katika habari za kirusi cha Epstein-Barr, cha jamii ya herpesi, ambacho watu wazima zaidi ya 90 katika kila 100 duniani wanacho mwilini.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, alieleza uvimbe wa mataya uliokuwa ukiua watoto. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli zake. Basi kirusi hiki kilijulikana kwa maradhi ya watoto wa Afrika Mashariki.

Walakini herufi zake za urithi, 172,282, ziliposomwa zote mwaka 1984, hazikuwa za kirusi cha Uganda. Zilikuwa za nasaba iitwayo B95-8, iliyotoka kwa mgonjwa wa Marekani, ikakuzwa katika seli za kima wadogo. Nasaba hiyo ilikuwa imepotewa na herufi zipatazo 12,000, nayo ndiyo iliyofanywa kipimo cha nyingine zote.

Kirusi hiki kina aina kuu mbili, zinazohitilafiana hasa katika jeni chache. Ya kwanza imeenea duniani kote. Ya pili huonekana zaidi Afrika. Nasaba ya aina ya pili, iliyotoka Ghana, ilisomwa yote mwaka 2006, miaka 22 baada ya ile ya kwanza.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaijua hali hii. Kiunguja kilifanywa msingi wa lugha sanifu, na tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930 shule zimefaidika sana. Lakini adhaniaye kuwa Kiunguja ndicho Kiswahili chote husoma tungo za Kiamu na Kimvita akaona makosa pasipo na kosa.

Kosa la sarufi hurekebishwa kwa kalamu. La tiba hulipwa kwa uhai. Chanjo ya kirusi hiki ingali ikitafutwa. Yafaa ijaribiwe pia kwa nasaba zilizomo miilini mwa watoto wanaougua mataya, maana wao ndio waliokifanya kijulikane.