Akiba haiozi, lakini tairi huzeeka

Mabishano juu ya gurudumu la akiba yalianza nyumbani kwetu usiku mmoja wa Agosti, 2016. Tulikuwa tumepata habari za kifo cha baba mdogo, aliyenilipia karo hadi kidato cha nne. Mazishi yalikuwa kesho yake saa saba mchana, huko Wundanyi, Taita.

Gari letu ni dogo. Blanketi za wageni, mchele, mafuta na sufuria kubwa vilijaa buti hadi mlango ukakataa kufungika. Basi nikatoa gurudumu la akiba kutoka shimoni mwake, nikaliegemeza ukutani, na nafasi yake ikachukuliwa na sufuria.

"Baba watoto, safari ya mbali hivyo huendi bila hilo," mke wangu akaniambia.

Nikamjibu kwamba lilikuwa limelala humo miaka mitano bila kuguswa, na kwamba barabara ya Mombasa ni lami tupu.

Tuliondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Mtito Andei tukanywa chai. Tulipovuka Mto Tsavo, pu! Gari likayumba. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika ubavuni, tundu la kuingiza vidole viwili. Jeki nilikuwa nayo, spana pia. Nilichokosa kilikuwa kimeegemea ukuta Nairobi.

Msomaji aliyepita huko anajua kwamba barabara hiyo hukata mbuga ya Tsavo, na ndovu ndio wenyeji. Nilimwacha mke wangu na watoto wawili garini, vioo vimefungwa, nikapanda lori na gurudumu langu hadi Voi.

"Mzee, tundu la ubavuni halizibwi," fundi wa pancha akaniambia.

Nilizunguka maduka matatu kabla ya kupata tairi la kipimo changu. Niliporudi ilikuwa yapata saa nane, na kitinda mimba wetu alikuwa amelia hadi akalala.

Wundanyi tulikuta kaburi limefunikwa na waombolezaji wakitawanyika. Mama mdogo hakunilaumu. Alinishika mkono akauliza tu, "Mwanangu, mlikuwa wapi?" Nilishindwa kumwambia kwamba nilikuwa nimechagua sufuria.

Siku hizi rafiki zangu huniambia kwamba magari mengi mapya huja bila gurudumu la akiba. Hupewa pampu ndogo na chupa ya gundi. Sibishi. Gundi huziba tundu la msumari, na kwa mtu azungukaye mjini, penye fundi kila kona, huenda ikatosha. Lakini ubavu uliochanika hauponi kwa gundi. Mengine huja na gurudumu jembamba la muda, ambalo kwa kawaida halifai kuendeshwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Hilo ni la kukufikisha kwa fundi, si la kumalizia safari.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia mke wangu upesi. Tuliporudi Nairobi nilikagua lile gurudumu nililoliacha. Upepo ulikuwa umekwisha, na tairi lilikuwa na nyufa. Tarakimu nne zilizopigwa ubavuni zilikuwa 3404, yaani lilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka wa 2004. Lilikuwa na miaka 12! Hata tungelibeba, pengine lisingetufikisha popote. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hawakuendesha magari. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala.

Sasa kabla ya safari yoyote tunapima upepo wa magurudumu matano, si manne. Na buti ikijaa, sufuria ndiyo hubaki nyumbani. Kijijini hakukosi jirani wa kutuazima.