Mbegu ya bibi ina mwenyewe?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimewatupa kama wiki tatu hivi, na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko! Nilikuwa nimejichimbia kwenye kitalu nyumba hapa Morogoro nahangaika na maharage.

Kwa wale wageni, mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kuoanisha maharage mawili. Mzazi mmoja ni mbegu iliyoboreshwa inayovumilia ugonjwa wa kutu ya majani. Mzazi wa pili ni maharage ya njano ya bibi yangu kule Mbozi. Hayo ya bibi yanaiva haraka jikoni na sokoni yanagombaniwa, ila kutu ikiingia shambani inayamaliza. Kazi yenyewe acha tu. Unaamka alfajiri, unafungua ua kabla halijachanua, unatoa sehemu za kiume kwa kibanio, halafu unapaka chavua ya mwenzake. Nilipandisha maua 64, yakashika 9. Tisa! Siku hiyo sikula chakula cha mchana kwa hasira.

Sasa kilichonifanya niandike leo ni kipindi kimoja cha darasani kuhusu haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu za mimea. Nilidhani ni mambo ya wanasheria, nikakaa nyuma kabisa nikitegemea kusinzia. Sikusinzia.

Kwa kifupi iko hivi. Kuna mkataba wa kimataifa unaoitwa UPOV, ulianzia Paris mwaka 1961 na toleo linalotumika zaidi sasa ni la 1991. Tanzania tulipitisha sheria yetu mwaka 2012, na mwaka 2015 tukaingia rasmi UPOV. Ukizalisha aina mpya ya mmea, unaomba haki. Mbegu yako lazima iwe mpya, iwe tofauti na zote zinazojulikana, mimea yake ifanane, na isibadilike kizazi hadi kizazi. Ukifaulu, kwa miaka 20 (miti na mizabibu ni 25) hakuna wa kuzalisha wala kuuza mbegu hiyo bila ruhusa yako.

Mwanzoni nilikubaliana nao kabisa, tena kwa sauti. Mimi niliyeng'ang'ania maua 64 nikapata tisa nilikuwa naanza tu. Kutoka hapo mpaka mbegu ifike kwa mkulima mwalimu alisema ni miaka nane, kumi. Halafu harage linajichavusha lenyewe. Mkulima akinunua kilo mbili leo, mwakani anapanda ya kwake, na jirani naye anapanda ya kwake. Mahindi chotara yanajilinda, maana ukirudia kupanda ulichovuna mazao yanashuka na inabidi urudi dukani. Ndiyo maana makampuni yanakimbilia mahindi, na maharage yanaachiwa taasisi za serikali na vyuo. Mgunduzi naye ana watoto wa kusomesha. Mpaka hapo sina ugomvi.

Ugomvi ulianza nilipokwenda likizo.

Msimu wa nyuma nilitoa kwenye bumu langu nikamnunulia bibi mfuko wa kilo mbili wa mbegu iliyoboreshwa. Zawadi ya mjukuu msomi, si unajua tena. Nilipofika nikakuta ameshavuna, mbegu ya kupanda ameichanganya na majivu kwenye kibuyu ili bungua wasiingie, na nyingine ameshawagawia majirani, kila mmoja bakuli. Mama mmoja wa nyumba ya tatu alimpa bakuli mbili kwa kubadilishana na vikonyo vya viazi.

Basi mimi na elimu yangu ya wiki mbili nikaanza. Nikamwambia, "Bibi, mbegu za siku hizi nyingine zina wenyewe. Kuna sheria. Wewe kupanda tena shambani kwako unaruhusiwa kwa kiasi, lakini ukianza kuuza mbegu bila ruhusa ya mwenyewe, umevunja sheria."

Akauliza, "Na kumpa jirani?"

Hapo nikashikwa na kigugumizi. Sheria inasema matumizi binafsi yasiyo ya biashara hayana shida. Lakini bakuli la kumpa jirani, na bakuli la kubadilishana na viazi, hapo ndipo wanasheria wenyewe wanavutana. Nikajibu kwamba inategemea.

Bibi akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Na ile njano uliyobeba kwangu kupeleka chuoni, mwenyewe nani?"

Jamani.

Nilitaka kumjibu kwamba ile haina mwenyewe. Na kisheria ni kweli. Njano ya bibi haiwezi kulindwa hata tukitaka, kwa sababu si mpya, nusu ya Mbozi wanayo, na ukiipanda mimea yake haifanani sawasawa. Lakini sikuweza kutamka neno hilo mbele yake. Mama yake alimpa mbegu ile alipoolewa. Kila mwaka anakaa uani anachambua, punje yenye doa anatupa, iliyojaa anaweka. Miaka yote ya njaa hajawahi kuila mbegu. Kazi ya kuchagua ninayofundishwa mimi darasani yeye ameifanya maisha yake yote. Ila mimi, nikiongeza kizazi kimoja juu ya kazi yake na vizazi vingine kadhaa vya kuchuja, naweza siku moja kujaza fomu na kuitwa mgunduzi. Fomu itaniuliza wazazi wa mbegu ni nani, lakini aliyewalea hapati kitu.

Msinione nimezidisha. Harage la njano limeshawahi kufikishwa mahakamani. Mwaka 1994 Mmarekani mmoja, Larry Proctor, alinunua mfuko wa maharage Meksiko, akayapanda kwao Colorado akichagua yenye njano aliyoitaka. Mwaka 1999 akapewa hataza (hiyo ni kinga nyingine, kali zaidi ya hii ya wagunduzi), akaliita Enola kwa jina la mkewe, akaanza kuwadai waliokuwa wakiingiza maharage ya njano Marekani kutoka Meksiko. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha CIAT, kule Kolombia, kilipinga mwaka 2000, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha ni lile lile harage la Meksiko. Hataza ilifutwa, lakini mahakama ilimaliza kesi mwaka 2009. Miaka tisa! Mkulima gani wa Mbozi ana miaka tisa ya kesi?

Wahindi walijaribu njia nyingine. Sheria yao ya 2001 inamlinda mgunduzi, lakini inamwachia mkulima kutunza, kubadilishana na hata kuuza mbegu iliyolindwa, mradi asiiuze kwenye mfuko wenye chapa. Na mkulima mwenyewe anaweza kusajili mbegu yake. Kwa hiyo inawezekana kumlipa wa maabara bila kumsahau wa kibuyu. Kwa nini sisi tusilijadili hilo?

Nimerudi chuo nikafungua ripoti yangu. Mzazi wa njano nilikuwa nimemwandika kwa herufi na namba tu, kama tunavyofanya wote. Nimefuta. Nimeandika jina la bibi, kijiji chake, na kwamba alirithi kwa mama yake. Msimamizi wangu akasoma, akaniangalia, akasema, "Hii haibadilishi chochote kisheria." Nikamwambia najua, mwalimu. Akaiacha.

Siku naondoka bibi aliniambia, "Huyo mtoto wa mbegu yangu akizaliwa, umlete nimwone." Nitampelekea. Ila najua akishampanda na kumvuna, kesho yake yuko kwa majirani na bakuli. Na kama siku hiyo jina kwenye cheti ni langu, wa kutoa ruhusa ni mimi. Nimeshaamua nitasema nini.

Ninyi wenzangu mngefanyaje? Semeni hapo chini. Mimi narudi kitalu, kuna maua yananisubiri na kesho alfajiri hayangoji mtu.