Narung'ombe Si Ng'ombe

Kile kitabu cha Jane Jacobs kuhusu kufa na kuishi kwa miji mikubwa ya Marekani kilitoka mwaka 1961. Nimekisoma nikiwa nyumbani Nyansurura, mbali kabisa na ghorofa, na kila ukurasa ulinirudisha Kariakoo. Hoja yake kubwa ni kwamba mtaa hulindwa na macho ya watu wanaouishi, kuanzia muuza duka na mama aliye dirishani hadi mzee asiye na haraka. Yeye aliyaona hayo Mtaa wa Hudson, New York. Mswahili hana haja ya kuelezwa, maana ndiyo kazi ya baraza.

Nilipanga chumba Kariakoo miaka miwili, kwenye nyumba ya Kiswahili hasa: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, jiko na choo uani. Bibi mwenye nyumba alikaa barazani na vitumbua vyake tangu alfajiri. "We mtoto wa Mara, jana umerudi saa saba. Ulikuwa wapi?" Nilikuwa nakereka, ila hakuna aliyewahi kuibiwa hata ndoo mle ndani.

Alipofariki, warithi walikuwa saba. Vyumba sita havigawanyiki kwa saba, na mwenye pesa ya ghorofa alikuwa ameshakuja na ramani mkononi. Wakauza. Siwalaumu hata kidogo. Mmoja wao kajenga Chanika na anasomesha watoto kwa fungu lile.

Hapo ndipo kitabu cha Jacobs kinaponiacha njiani. Yeye na wenzake walikuwa na mtu wa kupambana naye, Robert Moses, aliyetaka kupitisha barabara kuu katikati ya mitaa ya Manhattan, na mwishowe barabara ile haikujengwa. Kariakoo utamwandamania nani? Inauzwa kiwanja kimoja kimoja, kwa hiari na kwa bei nzuri. Barazani sasa ni fremu, juu ni stoo, na usiku ghorofa nyingi hazina mtu zaidi ya mlinzi. Soko lenyewe, lile la Beda Amuli lenye paa kama miamvuli, liliungua Julai 2021. Novemba 16, 2024 ghorofa moja ikaporomoka asubuhi, ikaua watu zaidi ya 20.

Mimi nina sababu nyingine ya kung'ang'ania mitaa ile. Babu wa mama yangu alichukuliwa kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, na nyumbani hawakumwona tena. Hana kaburi. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Kikapiga kambi pale, na midomo yetu ikalifanya jina hilo Kariakoo. Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, ni askari peke yake na bunduki yake. Nairobi angalau kwenye sanamu yao walimweka na mpagazi.

Kwa hiyo kumbukumbu aliyonayo babu ni vibao vya mitaa. Mahiwa ni kule Lindi, walikopigana siku kadhaa mfululizo Oktoba 1917. Tandamti, au Tandamuti, ni kilima huko huko Lindi, vita ya Agosti mwaka ule. Narung'ombe ni upande wa Kilwa, Julai. Chakula na risasi zilizofika kote huko zilifika vichwani mwa watu kama yeye.

Mara ya mwisho nilipokuwa mjini nilimuuliza kijana wa duka la mashati, Mtaa wa Narung'ombe, jina hilo lina maana gani.

"Aah, ng'ombe, braza. Labda zamani walikuwa wanachinjia hapa."

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri tu, akauliza babu alikuwa analipwa shilingi ngapi, halafu akaja mteja wa jumla.