Nilishikwa Nikiingia Kwangu

Wasee, mmeniuliza mara nyingi kwa nini siku hizi mlango wangu una kufuli inang'aa kuliko keja yenyewe. Sawa, wacha niwaambie. Nilikaribia kuuawa nikijaribu kuingia nyumba niliyonunua na pesa yangu.

Kwa wale wageni hapa: mimi naishi kwa kontena. Ile ya meli, futi ishirini, urefu mita sita hivi na upana hata mita mbili na nusu hazifiki. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilichoka kulipa kodi ya bedsita ambayo hata haikuwa na maji, nikajibana, nikalipa kontena kidogo kidogo mpaka ikaisha. Iko nje kidogo ya Juja, kwa shamba la mzee mmoja ambaye namlipa elfu nne kwa mwezi kwa ajili ya nafasi tu. Yaani nyumba ni yangu, udongo si wangu. Mzee akichoka na mimi, naita lori ya kreni nahama na kuta zangu. Marekani kuna watu wengi wanaishi hivyo, nyumba ni yao na kiwanja ni cha kukodi, lakini majimbo mengi kule nyumba kama hiyo huwa na hati kama ya gari. Mimi nilikuwa na risiti, tena ya picha kwa simu.

Fundi alichomelea ile milango mikubwa ya nyuma isifunguke tena, akakata madirisha mawili akaweka grili, na ubavuni akaniwekea mlango mdogo wa chuma. Kufuli inakaa ndani ya kiboksi cha chuma, unaingiza mkono kwa chini ndio uifikie. Alinihakikishia hakuna mwizi ataivunja. Alikuwa anasema ukweli, na ndio ilikuwa shida yangu.

Kitu kingine, halafu tuendelee. Nilipohamia niliipaka rangi yote, michoro kila upande, macho makubwa na simba mwenye hedifoni. Ile video ndiyo iliyonifanya nijulikane kidogo. Kumbukeni hiyo rangi.

Sasa, Jumamosi moja nilikuwa nimeenda kupiga video ya ruracio Murang'a. Matatu ya kurudi ilijaa, mvua ikatushika njiani, nikafika kwangu saa tano na kitu usiku. Naingiza mkono kwa mfuko wa mbele wa begi, zipu iko wazi. Funguo hakuna. Nikamwaga begi lote kwa matope nikimulika na simu yenye asilimia nne. Hakuna. Na ufunguo wa akiba? Ulikuwa kwa msumari, ndani ya kontena. Najua. Mshacheka?

Laptopu ilikuwa ndani, na mwenye sherehe alitaka video fupi kufikia saa mbili asubuhi ndio anilipe salio, na hilo salio ndilo lilikuwa la kumlipa mzee wa shamba. Kwa hivyo sikufikiria vizuri. Nikaokota jiwe na kipande cha chuma nyuma ya kontena nikaanza kugonga kile kiboksi.

Hebu nikuulize. Umewahi kusikia sauti ya kontena ikigongwa usiku? Ni kama kengele ya kanisa. Nadhani niligonga mara sita.

Firimbi ikalia upande wa barabara, halafu ingine. Kisha nikasikia lile neno, "Mwizi!" Walikuja watu kama kumi, wengine na rungu, mmoja na panga, tochi zote usoni mwangu. Nikasema, "Hii nyumba ni yangu." Jamaa mmoja akaniuliza, "Na hii kamera ni ya nani?" Nikasema yangu. "Kila kitu ni yako?" Watu wakacheka, na hicho kicheko hakikuwa kizuri. Nikataka kuwaonyesha risiti kwa simu. Simu ikazima mkononi.

Nikiwa darasa la tano niliona alama nyeusi kwa lami karibu na shule yetu, mviringo wa tairi, na hakuna mtu mzima aliyetaka kutueleza. Tulijua tu. Usiku ule, nikiwa nimepiga magoti kwa matope, ndiyo picha iliyonijia, si uso wa mamangu wala nini. Mtu alikuwa ameshanipiga teke la mgongo. Mwingine alikuwa anauliza kama kuna petroli kwa pikipiki.

Nani aliniokoa? Si wafuasi wangu wa mtandaoni. Ni mama wa chapati. Ana kibanda kando ya barabara na analala nyuma yake. Alikuja na leso kichwani, akasukuma watu, akanimulika. Akasema, "Huyu ni wa kontena. Ana deni yangu ya mia mbili na hamsini. Mkimuua mtanilipa nyinyi?"

Kimya. Halafu mmoja akacheka, hiki sasa cheko la kweli, na rungu zikashuka. Manze, deni la chapati.

Nililala kwa benchi ya kibanda chake, nimevaa sweta ya mtoto wake. Hakunihurumia sana. Aliniambia, "Kijana, unakaa hapa miezi minane, hujui jina la jirani hata mmoja. Wewe unasalimia simu tu." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nafikiri kwa vile nimenunua ile keja, nimemaliza.

Baadaye nilisoma sheria inasemaje. Kifungu cha 304 cha Kanuni ya Adhabu kinaongelea mtu anayevunja na kuingia jengo, hema au chombo ambacho watu wanaishi, akiwa na nia ya kutenda kosa kubwa. Ukifanya usiku kifungo kinaweza kufika miaka 10, mchana 7, na usiku kwa sheria ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ona hapo: sheria inauliza nia yako. Korti ingenipa nafasi nieleze. Tochi kumi hazina hiyo nafasi.

Asubuhi mama akaniambia nisiguse mlango mpaka mzee wa nyumba kumi afike. Mzee akaja na daftari lake. Simu yangu ilikuwa imepata chaji kwa kinyozi, nikamwonyesha risiti: jina langu, na nambari ya kontena. Kila kontena ya meli huwa na nambari yake, herufi nne na tarakimu saba, na kwa kontena za mizigo herufi ya nne ni U. Huandikwa kubwa mlangoni na ubavuni. Mzee akaizunguka kontena mara mbili, mikono nyuma.

"Nambari iko wapi?"

"Niliipaka rangi, mzee."

"Juu yake umechora nini?"

"Simba."

Akamwangalia yule simba muda mrefu. Kile ambacho mtu mwingine angetumia kuthibitisha nyumba ni yake, mimi nilikuwa nimekifunika nikitafuta watazamaji.

Kilichonisaidia ni kibati. Kwa ile milango mikubwa huwa kuna kibati kidogo cha chuma kimepigwa ribiti, kina maelezo ya usalama, uzito wa mwisho wa kubeba na kadhalika. Nacho nilikuwa nimekipaka. Nikakikwangua kwa sarafu ya shilingi ishirini kama dakika kumi, na changu kilikuwa kimechongwa nambari ile ile ya risiti. Mzee akasoma herufi moja moja kwa sauti, akaandika kwa daftari, akasema, "Haya, leta fundi."

Fundi wa kwanza alitaka kukata bawaba. Nikamwambia hapana. Ukikata bawaba umeharibu mlango, halafu ni yeye huyo huyo utamlipa kuuchomelea tena. Wa pili alikuwa mzee wa jua kali, akaangalia bila haraka, akasema anakata tu kidirisha kwa kile kiboksi ili afikie shingo ya kufuli. Kufuli ni mia nane. Mlango ni maelfu. Shida ikawa moja: grainda inataka stima, na stima yangu iko ndani. Tukavuta kebo kutoka kwa kinyozi, kama nguo imeanikwa barabarani. Akaniuliza pia ukuta wa ndani ni wa nini. Nikamwambia plaiwudi na sponji. Akaagiza ndoo ya maji iletwe kabla awashe mashine, kwa sababu cheche ikipita upenyo nyumba ya chuma inageuka jiko.

Dakika tano, kufuli ikaanguka. Watu walikuwa wamejaa kuangalia, wengine ni wale wa usiku. Yule wa kamera alinishikia ndoo. Hakuomba msamaha, na mimi sikumwuliza. Tukaongea habari ya mvua.

Video ilifika saa nne badala ya saa mbili, mteja akakata elfu mbili. Mzee wa shamba nikamlipa nusu, nikamwambia ukweli, akanisubiri wiki moja.

Ufunguo wa akiba sasa uko kwa mama, ndani ya mkebe wa chumvi. Lile deni nililipa siku hiyo hiyo, lakini nimeanza lingine, na yeye anasema ni vizuri libaki hapo kidogo. Kilichobaki ni kuandika ile nambari upya ubavuni. Natafuta mtu wa rangi ambaye hatamharibu simba.