Mwanza na Rakai Hawakuulizana Swali Moja

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika utafiti wa magonjwa ya zinaa na VVU kandokando ya Ziwa Victoria, na muda wote huo nimetetea hoja ambayo wenzangu wengi waliizika zamani: kwamba jaribio la Rakai halikulikanusha lile la Mwanza. Matokeo ya Mwanza yalitangazwa mwaka 1995. Jamii 12 zilipangwa jozi jozi. Upande mmoja wa kila jozi, zahanati zilihakikishiwa dawa, watumishi wakafundishwa kutibu kwa kufuata dalili, yaani usaha, kidonda au uchafu ukeni, bila kungoja majibu ya maabara, na wasimamizi wakawatembelea mara kwa mara. Kwa miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 upande huo na asilimia 1.9 upande wa pili, pungufu kwa takriban asilimia 40. Mwaka 1999 yakaja ya Rakai, Uganda. Huko watu wazima walifuatwa majumbani kila baada ya miezi kumi wakapewa dawa, mwenye dalili na asiye nazo, na maambukizi ya VVU hayakupungua.

Wengi walihitimisha kwamba Mwanza ilibahatisha. Mimi naona yalikuwa maswali mawili. Kisonono hakisubiri miezi kumi: aliyepona leo huweza kuambukizwa tena mwezi ujao na mwenzi aliyekuwa safarini wakati wa ugawaji, kisha akakaa nacho hadi duru inayofuata. Wa Mwanza alikwenda zahanati usaha ulipoanza. Na usaha ndio wenye uzito hapa, kwani utafiti wa Malawi wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba wanaume wenye VVU waliotokwa usaha walikuwa na virusi vingi katika shahawa, mara nane ya wenzao, na vikapungua walipotibiwa kwa antibiotiki. Tena Rakai ilikuwa na VVU kwa takriban asilimia 16 ya watu wazima, Mwanza asilimia 4 hivi. Virusi vikishaenea kiasi hicho, vingi hupita kati ya wenzi wa kudumu wasio na kidonda chochote, na vidonda vingi vinavyobaki ni vya hepesi, ambayo antibiotiki haiigusi.

Pingamizi zito zaidi linatoka Mwanza kwenyewe. Kaswende ilipungua, na usaha kwa wanaume pia, lakini kisonono na klamidia kwa wajawazito havikuonyesha badiliko la maana. Basi VVU ilizuiwa na nini? Jibu langu ni kwamba upimaji wa aina hiyo huhesabu maambukizi yaliyo kimya, ilhali tiba ililenga yenye dalili. Sidai kwamba jibu hili linaziba pengo lote. Hepesi nayo ilinibana: mwaka 2008 asaikloviri, dawa ya hepesi, ilishindwa kuwakinga na VVU wanawake wa Kanda ya Ziwa walioimeza kila siku. Baadaye ikaonekana kwamba seli ambazo VVU huzishambulia hubaki zimejazana chini ya ngozi hata kidonda kikishapona, kwa hiyo kukausha kidonda si kufunga njia.

Kisha mwaka 2011 ikathibitika kwamba ARV zikianzishwa mapema hupunguza maambukizi kati ya wenzi kwa asilimia 96. Hakuna dawa ya kisonono inayokaribia hapo, wala sijawahi kuishindanisha nazo. Ninachosisitiza ni kwamba Mwanza ilipima huduma, si kidonge, na tofauti hiyo bado inasahauliwa. Mwaka 2023 doksisaiklini ya kumezwa baada ya kujamiiana haikuwapunguzia wanawake wa Kisumu magonjwa ya zinaa, lakini nywele zao zilipopimwa, dawa ilionekana katika chini ya theluthi ya sampuli. Wanaoandika kwamba doksisaiklini haiwafai wanawake wanaisoma Kisumu kama walivyoisoma Rakai.