Mbaga, kwenye mwamba wa Malameni

Kutoka Same tulipita njia ya Kisiwani, Mkomazi kushoto, milima ya Pare kulia, kisha tukapanda hadi Mbaga kwenye baridi. Watoto waliyapenda mapango ya Mghimbi, walikojificha Wapare wakiwakimbia wawinda watumwa miaka ya 1860. Mimi nilikwama kwenye mwamba wa Malameni. Wenyeji husimulia kwamba hadi miaka ya 1930 walitupwa hapo watoto walioaminiwa kuwa na mkosi, vigego wakiwemo, yaani walioanza kuota meno ya juu.

Kitinda mimba wangu ni kigego. Bibi yake alipoyaona meno yale alinyamaza siku nzima.

“Mama, mbona umenishika hivyo?”

Nikamwambia kuna utelezi. Mkienda, wazazi, bebeni masweta.